Kutembea Kama Dada Yangu

Mimi nimeiga watu tangu nijue kusimama. Sikufundishwa na mtu. Padri akija kwetu Katelembo kubariki nyumba, akishafunga tu geti nyuma yake, mimi nilikuwa nimeshajitupia kitambaa cha meza mabegani, nanyunyizia kuku maji na kukohoa kile kikohozi chake cha kabla ya mahubiri. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. "Mungu alikupa mwili wako," alikuwa ananiambia, "sasa mbona kila saa uko ndani ya mwili wa wenyewe?" Halafu ananituma kuni.

Na mimi mdomo ninao, sikuwahi kunyamaza. Nikamwambia hata yeye anaiga. Mama akipepeta mbaazi anageuza ungo vile nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita susu, alikuwa anaugeuza, na anapuliza makapi kwa upande mmoja wa mdomo. Susu alipuliza hivyo kwa sababu ule upande mwingine hakuwa na meno. Mama meno yake yote yapo. Siku niliyomwonyesha hilo alinirushia ungo wenyewe, mbaazi ikamwagika uani kote, na kuku wakashinda wameshiba.

Hata kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Kwaya yetu ilijifunza nyimbo kwa kumfuata mwalimu, maana wengi hatukujua kusoma noti. Anaimba mstari, tunaurudia. Sasa huyo mwalimu alikuwa na shida ya koo, na kila akifika mwisho wa ubeti wa kwanza alilisafisha: hm-hmm. Nasi tukaichukua. Sauti zote nne, hm-hmm, pamoja, bila mtu kuchelewa. Alipostaafu akaja mwalimu mpya, akauliza hiyo hm-hmm imeandikwa wapi. Tukamtazama tu. Wazee wa besi walikataa katakata kuiacha, wakasema bila hiyo hawajui waingie saa ngapi. Ukipita nje ya kanisa letu Jumapili utaisikia mpaka leo, na mimi nakwambia ni tamu.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumwiga, na huyo ni dada yangu. Si kwamba niliogopa. Sikuona cha kuiga. Alikuwa darasa la pili nilipozaliwa mimi, na tangu nimjue ni mtu wa kimya, sauti ya chini, nguo za rangi ya udongo. Akipita mahali, nyuma yake panabaki pamenyooka: sufuria imefunikwa, kijiti kimeondolewa njiani, mtoto wa jirani aliyekuwa akilia amefutwa kamasi. Lakini hayo unayaona ameshaondoka. Ukimtazama mwenyewe, macho yanateleza yanaenda kutafuta kitu kingine, na mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa mimi, nikipiga kelele mahali.

Basi akapata mchumba. Kijana wa Masinga, kule karibu na bwawa, fundi wa pikipiki, mikono imejaa grisi hata Jumapili. Siku ya kwanza kuja kwetu hakuwa na maneno mengi, wakawa wamekaa wawili na kimya chao, mimi nikataka kulia kwa niaba yao. Halafu jioni tukiwa shambani, akaweka viganja mdomoni akatoa sauti ya kwale. Si mchezo wa watoto, ilikuwa kwale mwenyewe, ile sauti kavu ya kukwaruza. Kidogo tu, kichakani upande wa pili kwale akajibu. Akamwita tena. Yule ndege akatoka mbio, shingo juu, amekasirika ajabu, anatafuta ni nani huyo ameingia kwake. Dada yangu alicheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Nikasema moyoni, haya, huyu nimempitisha.

Shida ilikuja mwezi uliofuata. Siku hiyo nilikuwa naanika nguo, na kwa vile kulikuwa na baridi nilikuwa nimevaa sweta ya dada. Nikasikia pikipiki, sikugeuka. Mara mtu nyuma yangu, sauti laini: "Mrembo wangu, hata salamu hakuna?" Nikageuka. Maskini, alitaka ardhi immeze. Nikamwambia, "Mrembo wako yuko jikoni. Mimi ni ule mzigo wa kuongezwa bure." Tukacheka, baba akacheka, hata mama safari hii alicheka. Dada alisimama mlangoni na mwiko mkononi na hakucheka. Aliingia ndani akaendelea kusonga ugali.

Ikafika wakati wa ntheo. Hao ni mbuzi ambao kwetu Ukambani wakishaingia katika boma la msichana, yeye ni mke wa mtu na mjadala umekwisha. Shangazi yangu, ambaye hakuna sherehe inayopita bila yeye kuishika usukani, akasema mbuzi hawataingia kabla ya mchezo wa leso. Mchezo ni huu: wanawake kadhaa wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanatembezwa mbele ya watu, bibi harusi akiwa kati yao, na bwana harusi anachagua wake. Hagusi, haongei nao. Akikosea anapigwa faini ya kreti za soda na anachekwa mpaka kwao.

Mjomba alinuna. Akasema hiyo si desturi yetu, tumewaiga majirani wetu wa upande wa mlima, na sisi Wakamba tumekuwa watu wa kuokota okota. Sikuvumilia. Nikamuuliza, "Mjomba, hizo chapati unazomalizaga hapa kila Krismasi, susu wa susu wako ndiye alizianzisha?" Shangazi akanifinya lakini akicheka. Mchezo ukapita.

Sasa hapo ndipo dada aliponishika. Tulikuwa karibu na tangi la maji mchana, tunafua hizo leso zenyewe, akaniambia bila kuinua macho: "Nataka uwe mmoja wa wale watakaofunikwa. Na nataka uniige."

Nilicheka. "Wewe nikuige nini?"

"Ndio hiyo," akasema. "Hata wewe hujui." Akakamua leso mpaka nikasikia nyuzi zinalia. "Mimi maisha yangu yote naitwa dada ya yule wa kuchekesha. Kanisani, sokoni, kila mahali. Sina shida na hiyo. Lakini siwezi kwenda kuishi na mtu ambaye akiona sweta anaona mimi. Asiponijua siku hiyo, hao mbuzi watarudi Masinga na miguu yao."

"Wewe! Watu wote hao? Baba ataanguka."

"Aanguke. Na usimsaidie. Ukiharibu makusudi nitajua. Fanya vile unamfanya padri."

Nilimjua dada yangu. Watu wa kimya wakisema, wamesema. Nilishikwa na woga, maana yule kijana nilimpenda na niliona vile dada alimpenda, na sasa nimepewa kazi ambayo nikiifanya vizuri naweza kuvunja ndoa, na nikiifanya vibaya nimemdanganya dada yangu. Haki ya Mungu, nilitamani ningezaliwa bubu.

Lakini pia, niseme ukweli, niliwashwa. Kuna kitu kinanikuna nikipewa mtu wa kuiga. Wiki nzima nikawa namfuata kwa macho. Nikagundua kwamba anaweka kisigino taratibu, kwamba mkono wa kulia unapepea na wa kushoto haupepei. Nikavaa viatu vyake nikazunguka uani. Haikuwa yeye. Nilikuwa mtu mwenye mguu mbaya. Nikajaribu tena, nikawa bata.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharagwe, ananitazama. Nikangoja kelele. Akasema, "Unatembea mikono mitupu."

"Eeh?"

"Dada yako hatembei mikono mitupu. Weka mtoto hapo kwa nyonga ya kushoto, halafu utembee."

"Mtoto gani, mama?"

"Si ni wewe!" Akatupa ganda kando. "Nilikuwa nashinda sokoni, na wewe hukutaka kukaa chini, ukiwekwa chini unapiga nduru mpaka majirani wanakuja. Akawa anakubeba hapo kwa nyonga. Anateka maji na wewe, anasukuma moto na wewe, anafanya kazi ya shule na wewe hapo hapo. Na ulikuwa donge la mtoto. Mifupa yake ilikuwa bado michanga, ikakaa hivyo." Akarudi kwa maharagwe yake. "Na mkono wa kushoto ndio ulikuwa umekushika. Ndio maana haupepei."

Nikaenda jikoni nikachukua boga, lile kubwa, nikaliweka kwenye nyonga nikalizungushia mkono. Nikatembea kutoka tangini mpaka zizini na kurudi. Nikaliweka boga chini, nikatembea tena kama bado liko. Mama akaacha kuchambua. "Haya," akasema, "huyo ni yeye." Miaka yote hiyo nilidhani dada yangu hana cha kuigwa, kumbe mwendo wake nilikuwa nimeuchonga mimi mwenyewe kwa uzito wangu.

Jumamosi ikafika. Watu wa Masinga wakaja na nyimbo, mbuzi wakafungwa nje ya geti, wanalia kama kawaida yao. Shangazi akatuingiza chumbani sisi watano, binamu wawili, jirani mmoja, dada na mimi. Akatuvika miguuni patipati za bluu zinazofanana, akatupanga, mimi wa pili, dada wa mwisho. Kabla ya kufunikwa, dada alinitazama.

Tukatoka. Chini ya leso huoni kitu ila mahali utakapokanyaga. Nilisikia vigelegele na mjomba, yule yule wa desturi, akipaza sauti kuliko wote: "Fungua macho, kijana! Fungua macho!" Nikaweka mtoto kwenye nyonga. Nikashusha kisigino taratibu. Mkono wa kushoto ukashika uzito usiokuwepo. Nilikuwa dada yangu mpaka kwenye kucha, na hata nilihisi uchovu ambao si wangu. Nikawasikia kina mama wa kwetu wakinong'ona, "Si huyo? Ni yule wa pili." Wale wanawake walimjua dada tangu azaliwe.

Tukasimama kwenye mstari. Viatu vya shemeji vikaja, nikaviona chini ya ukingo wa leso, vimepakwa rangi lakini grisi iko pale pale kwenye kamba. Vikampita wa kwanza. Vikasimama mbele yangu.

Havikuondoka. Nilitaka kukohoa kikohozi cha padri, nilitaka kunguruma, kumkanyaga, kitu chochote cha kumwambia, wewe mjinga, songa mbele. Na upande wa mwisho wa mstari nilijua kuna mtu anayehesabu pumzi. Nikakumbuka leso ilivyolia mikononi mwake. Nikabaki dada yangu.

"Mchukue basi!" shangazi akamchokoza. "Ama unangoja aote mizizi?"

"Naomba watembee tena," shemeji akasema. "Mara moja tu."

Watu wakanung'unika, wengine wakasema anaogopa kununua soda. Shangazi akakubali. Tukarudi mpaka mlangoni, tukageuka, tukaanza upya. Nikatembea vile vile kabisa, hatua kwa hatua. Katikati ya njia nikaona miguu midogo. Kulikuwa na mtoto wa mmoja wa wageni ameketi mchangani, biskuti imemwangukia, analia kwa uchungu wote wa dunia. Nikamzunguka kwa ustadi bila kupoteza mwendo. Nikajipongeza hata.

Tukasimama. Viatu vya grisi havikuja kwangu. Vikapita mbele ya macho yangu, vikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa mstari.

"Ni huyu."

"Una hakika?" shangazi akauliza. "Ukikosea, soda ni za kijiji kizima."

"Ni huyu."

Leso ikafunuliwa, nikairusha na ya kwangu kabla sijaruhusiwa. Dada alikuwa amesimama pale, uso umelowa, pua inatoka kamasi, si mrembo hata kidogo, na mkononi alikuwa na biskuti iliyojaa mchanga.

"Umekawia," akamwambia.

"Nilikuwa naangalia," akasema shemeji.

Basi kelele zilizotoka hapo, sijui kama zimeisha hadi leo. Geti likafunguliwa, mbuzi wakaingia, mmoja akala ua la mezani. Baba alicheza mpaka kiatu kikakatika. Mimi nililia nikicheka, na aliyeniuliza ninalilia nini nilimwambia kitunguu.

Wakati wa chakula nilimfuata shemeji na sahani yangu ya pilau, maana ningelalaje bila kujua. "Niambie ukweli. Ulitaka kunichukua mimi."

"Ile mara ya kwanza, kabisa," akasema bila aibu. "Wewe ulikuwa yeye kushinda yeye. Lakini shemeji, mimi nikiita kwale, kazi yangu ni kutoa ile sauti, basi, siwezi kufanya kitu kingine. Kwale mwenyewe anaita akiwa na shughuli zake. Akiona mdudu anaacha kuita anamla. Ndio nikasema watembee tena, nione nani ana shughuli zake." Akatafuna kidogo. "Wewe ulimpita mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeshughulika sana kuwa dada yangu mpaka nikampita mtoto anayelia, kitu ambacho dada yangu hawezi, hata akiwa chini ya leso, hata ndoa yake ikiwa mashakani. Nilikuwa nimeshika mwendo wake wote na kuacha kile mwendo ulichokuwa unakwendea. Nilikasirika, kusema kweli. Hakuna mtu anayependa kushindwa kazi yake. Lakini sijawahi kushindwa nikafurahi hivyo.

Dada alikuja akaketi kando yangu. "Wanasema nilikuwa wewe," akasema, halafu akajisahihisha, "ulikuwa mimi. Mimi natembea vipi?"

"Kama umebeba mtoto kwa nyonga ya kushoto."

Akafikiri. "Mtoto gani?"

"Uliza mama."

Hakwenda kuuliza. Alinitazama, akaelewa, kisha akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu. "Ulikuwa mzito," akasema, akakila.

Sasa yuko Masinga, ana bustani na kuku na mume anayeongea na ndege. Ni mbali kidogo, haji kila wiki. Nyumbani tumebaki na nafasi yake, na hiyo nafasi nimegundua ina kelele. Sufuria hazifunikwi. Kijiti kikianguka njiani kinalala hapo mpaka mtu ajikwae. Na mama, siku hizi akipakua anaongeza sahani moja, halafu anairudisha kabatini kimya kimya.

Juzi tulikuwa jikoni, mimi na yeye tu, anapepeta mbaazi, anapuliza makapi kwa ule upande wa susu. Akasema, akitazama ungo: "Hebu nitembelee kidogo kama dada yako."

Nilidhani sijasikia. "Mama, si ulisema Mungu alinipa mwili wangu?"

"Tembea, wacha maneno."

Nikatoka nje, nikaingia kwa mlango. Safari hii sikufikiria nyonga sana. Nilipopita jiko nikaona ukuni umetoka nje ya mafiga, nikausukuma ndani kwa mguu. Nikafunika sufuria. Nikaokota mbaazi iliyoruka, nikairudisha kwenye ungo. Halafu nikaketi, miguu pamoja, mikono magotini.

Mama aliacha kupepeta. Akaniita, kwa jina la dada.

"Naam, mama," nikajibu kwa ile sauti ya chini.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Huyo bwana wako anakutunza?"

"Ananitunza, mama. Anapiga kelele tu na kwale wake asubuhi."

Mama akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani, akajifuta macho na ncha ya leso. Akawa anafungua mdomo kuuliza lingine, na hapo simu yake ikalia mezani. Nikachungulia, alikuwa dada, yeye mwenyewe, kutoka Masinga. Mama akaishika, akaiweka sikioni, akiwa bado ananitazama mimi.

"Haloo, mwanangu," akasema. "Ngoja kidogo nitakupigia. Bado naongea na wewe hapa."